Wati Mbili za Vukosava

Amplifaya yake hutoa wati mbili.
Mbili tu, tena siku umeme wa Niš umeamka vizuri.
Taa ya ngazini hula zaidi.
Nilimcheka, na kicheko hicho nakilipia hadi leo
kwa kumpandishia kuni ghorofa ya nne.

Miaka ishirini na sita Vukosava alifanya kazi
katika kiwanda cha valvu ng'ambo ya reli,
akipinda nyuzi nyembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga,
chini ya lenzi, kwa kibano, pumzi ameibana.
Kiwanda kikafungwa. Milango ikauzwa kama chuma chakavu.
Yeye alitoka na valvu nne ndani ya soksi za sufu,
na hakuna mlinzi aliyethubutu kumkagua soksi.

Nikamletea spika zangu, mimi mjuaji:
mbili, nyeusi, zenye kunifika kifuani,
nzito kama jeneza la tajiri.
Tulizibeba na Ognjen, ngazi kwa ngazi, tukitukana.
Tukaunga waya. Valvu zikawaka polepole,
rangi ya kaa lililofukiwa jivuni.
Sindano ikashuka kwenye santuri
ikatoka sauti ya mtu aliyefunikwa mablanketi matatu
akiomba maji.
Nikazungusha kitufe hadi mwisho.
Besi ikakoroma, sauti za juu zikapasuka.
"Umewaalika ng'ombe wawili," alisema Vukosava,
"kwenye kikombe changu cha kahawa."

Debe tupu huvuma, hilo nalijua.
Kwamba debe kubwa lenye njaa hununa,
hilo sikuwa nimeambiwa.

Strahinja, seremala wa Pirot, alikuja Jumapili
na spika mbili za kuweka rafuni,
mbao za mcheri, kimo cha mkate uliosimamishwa,
koni zake karatasi, karatasi kweli,
ukipuliza zinatetemeka.
"Desibeli tisini na tatu kwa wati moja,"
alisema kama mtu anayetaja umri wa bintiye.
Hakueleza zaidi. Akaomba rakija.

Tukaondoa rafuni vitabu vya marehemu mume,
vya uhandisi wa madaraja, vumbi hadi puani,
tukazisogeza spika karibu na ukuta
ili besi ipate pa kuegemeza mgongo.

Sijui niseme vipi.
Sauti haikupanda sana. Ilisogea.
Ilivua viatu, ikaketi nasi.

Santuri ilikuwa ya kwaya ya zamu ya usiku,
wanawake thelathini, kantini ya kiwanda,
wamerekodiwa baada ya chakula.
Nikasikia vijiko vikikusanywa kule nyuma.
Nikasikia kiti kikilalamika.
Kisha, kabla ya ubeti wa pili, mtu akakohoa,
safu ya tatu, kushoto.

Vukosava akaweka kikombe chini.
"Persida," alisema. "Yule ni Persida.
Amekufa na deni langu la dinari mia nne."
Akainuka, akairudisha sindano.
Kikohozi.
Akairudisha tena.
Ognjen alikuwa anatazama viatu vyake.
Strahinja, aliyefunga skrubu zote kwa mkono wake mwenyewe,
alijifanya anazikagua.

Ng'ombe wangu niliwateremsha kesho yake.
Wako Leskovac, kwenye ukumbi wa harusi,
wanalishwa wati mia tano kila Jumamosi, wamenenepa.

Na huku juu, usiku, ukipita mlangoni kwake
utaisikia kwaya, chini, chini kabisa,
jirani hagongi ukuta, mtoto wa Milunka halii.
Juzi Vukosava aliniazima kalamu.
Anaandika majina nyuma ya jalada la santuri,
mwimbaji mmoja mmoja, kwa pumzi,
kwa namna kila mmoja anavyolimeza neno la mwisho.
Amefika ishirini na mmoja.
Wamebaki tisa,
na ameniambia, nikileta kuni,
nikanyage polepole.